Yaliyomo na Upatanisho: Vichwa vya Tasnifu katika Programu za Kuandikia

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza chanzo cha hitilafu zinazojitokeza katika orodha ya yaliyomo ya tasnifu zinazoandikwa kwa kompyuta, na kuonyesha njia ya kuziondoa. Eneo linaloangaliwa ni Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Huko kuna Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1987. Chuo Kikuu cha Kabarak, kilichopewa hati yake mwaka 2008. Na Chuo Kikuu cha Laikipia, karibu na Nyahururu, kilichopewa hati mwaka 2013. Hata hivyo, yanayoelezwa hapa yanahusu chuo chochote ambako watahiniwa wa uzamili na uzamifu huandika kwa Kiswahili.

Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la mafundi wa mitambo wala haliwahusu wanaisimu. Dhana hiyo ina gharama. Tasnifu iliyokwisha kutetewa na kurekebishwa yaweza kurudishwa kwa sababu yaliyomo yanadai kuwa sura ya nne inaanzia ukurasa wa 87, ilhali inaanzia ukurasa wa 91. Mtahiniwa hurudi kwa mpiga chapa, hulipa tena, huchapisha tena na kujalidi tena. Na orodha ya watakaohitimu haimsubiri. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya hitilafu hizi ina chanzo kimoja, nacho ni kuchanganya umbo la kichwa na hadhi ya kichwa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni somo ambalo mwalimu wa Kiswahili hulifundisha kila siku katika sarufi.

2. Neno "yaliyomo" na kazi ya orodha

Yafaa kuanza na neno lenyewe. "Yaliyomo" ni umbo la kitenzi lenye viambajengo vinne: ya-, kiambishi cha upatanisho, -li-, shina la kitenzi kishirikishi katika urejeshi, -yo-, kirejeshi, na -mo, kionyeshi cha mahali pa ndani. Nomino inayoongoza upatanisho huo haitajwi, lakini hueleweka kuwa ni "mambo": mambo yaliyomo. Kwa hiyo orodha hii haijitegemei. Ni tegemezi kwa matini, na kila mstari wake ni dai kwamba jambo fulani limo ndani, na kwamba limo katika ukurasa fulani.

Mtahini hulipima dai hilo mapema. Aghalabu huisoma orodha kabla ya sura ya kwanza, ili aone mpango wa hoja: nadharia imewekwa wapi, data imechambuliwa katika sura ngapi, na kama malengo yaliyotajwa mwanzoni yamepata sehemu zake. Anapofungua ukurasa uliotajwa asikute kichwa kinachotarajiwa, imani yake hupungua hata kabla hajasoma uchambuzi wenyewe.

3. Mazoea ya mashine ya chapa

Katika enzi ya mashine ya chapa, yaliyomo yalipigwa mwisho. Mpiga chapa alimaliza kurasa zote, akazihesabu, kisha akaandika kila kichwa, akapiga nukta moja baada ya nyingine hadi ukingo wa kulia, akamalizia kwa tarakimu. Kazi ilitoka nadhifu kwa sababu katika mashine nyingi za chapa kila herufi ilichukua nafasi sawa: herufi i ilipewa upana ule ule wa herufi m. Nukta arobaini zilikuwa na urefu ule ule katika kila mstari, na ukurasa uliokwisha kupigwa haukuhama.

Kompyuta ilipochukua nafasi ya mashine hiyo, mazoea yalibaki. Wapo watahiniwa na wapiga chapa ambao hadi leo huandika orodha kwa mkono, nukta kwa nukta, kana kwamba skrini ni karatasi. Lakini mambo mawili yamebadilika. Kwanza, katika mwandiko kama Times New Roman, herufi hazina upana sawa. I ni nyembamba na m ni pana. Mistari miwili yenye nukta sawa kwa idadi haiwezi kukutana ukingoni, na ndiyo maana tarakimu huonekana zimepinda kama safu ya watu wasio na kiongozi. Pili, kurasa za kompyuta huhama. Aya moja ikiongezwa katika sura ya pili kwa agizo la mtahini, kila kichwa kinachofuata chaweza kusogea. Orodha ya mkono haina habari na msogeo huo.

4. Umbo na hadhi

Kiini cha tatizo chaweza kuelezwa kwa mfano ulio karibu. Katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru kuna vifaru. Neno "kifaru" lina sura ya ngeli ya KI-VI, kama "kiti" na "kisu". Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha husema "kifaru kimelala", kwa kuwa anafuata umbo analoliona. Mzawa wa lugha husema "kifaru amelala", kwa kuwa upatanisho unafuata hadhi ya neno hilo kama jina la kiumbe hai, wala haufuati sura ya kiambishi chake. Kinyume chake, neno "embe" halina kiambishi kinachoonekana mwanzoni, na bado husemwa "embe limeiva". Hadhi yaweza kuwapo bila alama ya nje, na alama ya nje yaweza kuwapo bila hadhi.

Programu za kuandikia, kama Microsoft Word na LibreOffice Writer, hufanya kazi kwa kanuni ya namna hiyo. Mtahiniwa anapochagua mstari "3.2 Mbinu za Kukusanya Data", akaukoleza wino na kuukuza hadi ukubwa wa 14, msomaji wa kibinadamu huona kichwa. Programu huona aya ya kawaida iliyovaa nguo nzito. Ili mstari huo uwe kichwa kwa programu, lazima upewe mtindo wa kichwa, yaani ule unaoitwa "Heading 1" kwa sura, "Heading 2" kwa sehemu ya sura, na "Heading 3" kwa sehemu ndogo. Mtindo ndio ngeli ya aya. Aya ikishapewa ngeli yake, orodha hujipatanisha nayo yenyewe: huchukua maneno ya kichwa, ngazi yake na ukurasa wake.

Watahiniwa wengi huikwepa mitindo hiyo kwa sababu huja na rangi ya samawati na mwandiko usiokubaliwa na idara. Sababu hiyo haitoshi. Mavazi ya mtindo hubadilishwa mara moja: mtindo hurekebishwa ili uwe mweusi, Times New Roman, ukubwa unaotakiwa, na vichwa vyote vya ngazi hiyo hufuata kwa pamoja, mradi havikurembwa kimoja kimoja kwa mkono. Hadhi haibadiliki.

5. Hitilafu za kawaida na tiba zake

Kutokana na kanuni hiyo, hitilafu zinazolalamikiwa zaidi zaweza kupangwa na kutibiwa kama ifuatavyo.

(a) Kichwa kimo ndani, orodhani hakimo. Kichwa hicho kimekolezwa wino tu. Tiba ni kuweka kishale katika mstari huo na kuupa mtindo. Katika Microsoft Word inayotumia Windows, vitufe vya Ctrl, Alt na 1 vikibonyezwa kwa pamoja hutoa "Heading 1". Katika LibreOffice Writer, Ctrl na 1 hutosha. Baada ya hapo orodha husasishwa.

(b) Aya nzima au mstari mtupu umeingia orodhani. Hili ni kosa la upande wa pili: aya isiyo kichwa imepewa hadhi ya kichwa. Mara nyingi mtahiniwa alibonyeza kitufe cha kushukia mstari mahali pasipofaa, mtindo ukaambatana na aya iliyofuata. Mstari mtupu orodhani ni aya tupu yenye mtindo wa kichwa. Tiba haifanywi orodhani bali ndani ya matini: aya hiyo hurudishiwa mtindo wa kawaida, na aya tupu hufutwa. Kidirisha cha kando kinachoonyesha vichwa vyote vya hati ni chombo kizuri cha uchunguzi, kwa kuwa huonyesha kile ambacho programu inakitambua kuwa kichwa, si kile ambacho jicho linakiona.

(c) Sura moja imepata mistari miwili. Mazoea ya vyuo vingi ni kuandika "SURA YA KWANZA" juu na "UTANGULIZI" chini yake. Kila mmoja wa mistari hiyo ukiwa aya yenye mtindo wa kichwa, orodha huviona kama vichwa viwili na kuvipa kila kimoja nambari ya ukurasa. Tiba nyepesi ni kuviunganisha katika aya moja: "SURA YA KWANZA: UTANGULIZI". Mwongozo wa idara ukidai mistari miwili, mkato wa mstari hutiwa kwa Shift pamoja na kitufe cha kushukia mstari, ili maneno yagawanyike mbele ya macho huku aya ikibaki moja.

(d) Nukta hazifiki ukingoni, au tarakimu zimepinda. Nukta zilizopigwa kwa mkono zifutwe zote. Katika mitindo ya orodha yenyewe, inayoitwa "TOC 1", "TOC 2" na kuendelea, huwekwa kituo cha kulia penye ukingo wa ukurasa, na kituo hicho huagizwa kitanguliwe na nukta. Programu itatia nukta nyingi au chache kadiri ya nafasi iliyobaki katika kila mstari.

(e) Marekebisho ya orodha yanapotea. Mtahiniwa hukoleza wino, hupunguza nafasi au husahihisha tahajia ndani ya orodha. Akiisasisha, kazi yake yote inafutika. Hakuna ajabu hapo. Orodha ni tegemezi, na kitegemezi hakirekebishwi peke yake, kama vile mtu asivyoweza kurekebisha kiambishi cha kitenzi huku nomino akiiacha ilivyo. Tahajia isahihishwe katika kichwa. Sura ya mistari ya orodha ibadilishwe katika mitindo ya "TOC".

(f) Nambari au maneno ni ya zamani. Orodha haijisasishi kila neno linapoongezwa. Sharti mtahiniwa aweke kishale ndani yake na kubonyeza F9, au aiguse kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri ya kusasisha. Microsoft Word huuliza kama zisasishwe nambari za kurasa tu au orodha nzima. Jibu la kwanza huacha maneno ya vichwa kama yalivyokuwa. Mtahini akiwa ameagiza kichwa kibadilishwe, mtahiniwa akachagua jibu la kwanza, nambari zitakuwa sahihi lakini kichwa cha zamani kitabaki orodhani. Kwa hiyo ni afadhali kuchagua orodha nzima kila mara.

(g) Mahali pa nambari pana ujumbe wa kosa kwa Kiingereza, kwamba alamisho haijulikani. Kila mstari wa orodha hushikamana na kichwa chake kwa alamisho iliyofichwa. Kichwa kikifutwa au kikikatwa na kubandikwa upya, kamba hiyo yaweza kukatika. Orodha nzima isasishwe. Ikiwa ujumbe haukuondoka, orodha ifutwe na kuingizwa upya. Hakuna hasara, kwa sababu hakuna kilichohifadhiwa orodhani ambacho hakimo katika vichwa.

(h) Sura ya kwanza inaanzia ukurasa wa 14. Kurasa za awali, zenye ikirari, tabaruku, shukrani na ikisiri, hutiwa nambari za Kirumi, na hesabu ya kawaida huanza na sura ya kwanza. Programu haiwezi kubadilisha hesabu katikati ya sehemu moja. Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza hutiwa mkato wa sehemu, si mkato wa ukurasa tu. Kijachini cha sehemu ya pili hutenganishwa na cha kwanza. Kisha hesabu huagizwa ianzie 1. Orodha itafuata hesabu ya kila sehemu bila kulazimishwa.

6. Matatizo yanayoihusu lugha ya Kiswahili

Hitilafu zilizotajwa humpata mwandishi wa lugha yoyote. Yapo mengine yanayomlemea zaidi anayeandika kwa Kiswahili. La kwanza ni lugha ya programu yenyewe. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu ya OpenOffice iliyoitwa Jambo OpenOffice. Na katika muongo uo huo Microsoft nayo ilitoa nyongeza ya Kiswahili kwa programu zake za ofisini. Juhudi hizo zilithibitisha kwamba istilahi zaweza kupatikana. Hata hivyo, kompyuta nyingi zinazotumiwa na watahiniwa bado zimewekewa Kiingereza. Mtahiniwa huandika kuhusu fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, lakini amri zote anazitoa katika lugha nyingine, na mwalimu wake akitaka kumwelekeza hukosa msamiati wa pamoja. Mmoja husema "tarakilishi" na mwingine "kompyuta"; mmoja husema "anwani" na mwingine "kichwa". Tofauti hizo hazina madhara mradi kila idara ichague na kudumisha uchaguzi wake katika mwongozo.

La pili ni nambari za sura. Programu iliyowekewa Kiingereza ikiagizwa kuandika nambari za sura kwa maneno, huziandika kwa Kiingereza. Haijui "ya kwanza, ya pili, ya tatu". Anayetaka hesabu ijiendeshe yenyewe yampasa atumie tarakimu, yaani "SURA YA 1". Anayelazimika kuandika "SURA YA KWANZA" yampasa aandike maneno hayo mwenyewe ndani ya kichwa, na akumbuke kuyabadilisha iwapo sura zitahamishwa. Jambo hili si dogo: mtahiniwa aliyeunganisha sura ya pili na ya tatu kwa agizo la wasimamizi, akasahau maneno hayo, hujikuta na tasnifu inayoruka kutoka sura ya pili hadi sura ya nne.

7. Safari ya kutoka mezani hadi saiba

Hata orodha iliyopatanishwa vizuri yaweza kuharibika siku ya kuchapisha. Mtahiniwa wa Njoro au wa mjini Nakuru aghalabu hana mashine ya kuchapishia. Huibeba hati yake katika diski ndogo hadi saiba. Huko hati hufunguliwa katika kompyuta nyingine, yenye toleo jingine la programu, na pengine isiyo na mwandiko ule ule. Mwandiko ukikosekana, programu huazima mwingine wenye upana tofauti, na kurasa huhama. Ukubwa wa karatasi nao una hila yake. Karatasi ya kawaida nchini Kenya ni A4, yenye milimita 210 kwa 297; lakini baadhi ya programu huja zimewekewa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279 hivi. Tasnifu iliyoandaliwa kwa karatasi moja na kupangwa upya kwa nyingine haiwezi kubaki na kurasa zile zile.

Tiba ni ya hatua tatu. Kwanza, ukubwa wa karatasi uwekwe A4 tangu siku ya kuanza kuandika. Pili, marekebisho yote yakikwisha, orodha nzima isasishwe, pamoja na orodha za majedwali na vielelezo, ambazo hufuata kanuni ile ile. Tatu, hati igeuzwe kuwa PDF katika kompyuta ile ile iliyosasishiwa, na PDF hiyo ndiyo ipelekwe saiba. Hati ya namna hiyo haipangwi upya inapofunguliwa kwingine. Kilichoonekana mezani ndicho kitakachojalidiwa, mradi mchapishaji ameweka karatasi ya A4.

Yafaa pia kutaja desturi ya kuwagawia wapiga chapa tofauti sura tofauti ili kazi iishe upesi. Sura hizo zinapounganishwa, kila moja huja na mazoea ya aliyeipiga: huyu ametumia mitindo, yule amekoleza wino, mwingine ameandika nambari kwa mkono juu ya nambari za programu. Gharama iliyookolewa katika kupiga chapa hulipwa mara mbili katika kupatanisha.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba orodha ya yaliyomo si ukurasa wa kuandikwa bali ni upatanisho wa kutunzwa, na kwamba upatanisho huo hufuata hadhi aliyoipa mwandishi kila aya, wala haufuati unene wa wino. Hitilafu nyingi zinazoonekana orodhani hazimo orodhani; zimo katika vichwa. Anayezitafuta mahali pasipo pake atarekebisha usiku kucha, na asubuhi F9 moja itafuta yote.

Kutokana na hayo, hatua mbili zapendekezwa kwa idara za Kiswahili. Ya kwanza ni kuandaa kiolezo kimoja chenye mitindo iliyokwisha kuvalishwa kwa mujibu wa mwongozo wa chuo, karatasi ya A4, sehemu ya nambari za Kirumi na sehemu ya nambari za kawaida, na kumpa kila mtahiniwa siku pendekezo lake linapopitishwa, si siku ya kuwasilisha. Ya pili ni kuwa somo la mbinu za utafiti litenge saa mbili za kufundisha vichwa kwa vitendo, kwa istilahi za Kiswahili, na mwalimu awe ni wa idara yenyewe. Mwanafunzi anayejua kwa nini husemwa "kifaru amelala" hatahitaji maelezo marefu. Wasimamizi nao, wanapopokea rasimu ya sura, wafungue kidirisha cha vichwa kabla ya kuanza kusoma. Ikiwa kidirisha ni kitupu, rasimu irudishwe papo hapo, wakati ambapo kurekebisha ni kazi ya dakika chache na mtahiniwa bado hajalipia chochote.